Nilivyogundua kilichokuwa kinaua intaneti ya kompyuta yangu

Miezi minne mizima nililipia kasi ya megabiti 40 kwa sekunde, na kompyuta yangu ikawa inapata 3. Tatu! Simu niliyoiweka juu ya meza hiyo hiyo ilipata 30 na ushee. Naandika haya kwa sababu kila niliyemuuliza alinipa dawa ya ugonjwa mwingine.

Wa kwanza aliniambia Windows huficha asilimia 20 ya kasi, niingie kwenye mipangilio niweke sifuri. Niliweka, nikazima na kuwasha, nikapima: 3. Baadaye nikasoma maelezo ya Microsoft wenyewe kwamba sehemu ile hutengwa pale tu programu inapoomba kipaumbele. Isipoomba, kasi yote ni yako. Uvumi huu unazunguka tangu enzi za Windows XP na bado watu wanaugawa kama siri. Wa pili akanipa programu ya kuongeza kasi. Ilileta matangazo, ikachelewesha kompyuta kuwaka, nikaifuta siku hiyo hiyo. Wa tatu ndiye aliyeniuma kweli, mhudumu wa simu wa kampuni ninayoilipa: nipande kifurushi. Nikapanda hadi 80, karibu mara mbili ya bei. Nikapima. 3.

Hapo nikaazima waya wa mtandao, nikaunganisha kompyuta na ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti nyumbani, moja kwa moja. 77. Laini ni nzima, ruta ni nzima, Windows ni nzima; kilichobaki ni waifai ya kompyuta. Kama intaneti inakusumbua, anza na kipimo hiki kabla ya kumlipa mtu yeyote. Kwangu waya wa kudumu haukuwezekana, meza iko chumba cha pili.

Jibu lililetwa na mdogo wangu bila kujua. Aliazima diski yangu ya nje, ile ninayohifadhia nakala za kazi, na jioni yake tukapigiana simu ya video. Akasema, "Dada, leo unasikika vizuri, umefanyaje?" Sikuwa nimefanya lolote. Kesho yake akairudisha diski, nikaichomeka mahali pake nyuma ya kompyuta, na video zikaanza kukwama tena.

Nikakaa chini. Nilifungua dirisha la amri, nikaandika ping -t na anwani ya ruta, ili kompyuta iigongee ruta mlango bila kukoma. Diski ikiwa imechomolewa, jibu lilirudi kwa milisekunde 3 au 4. Nikaichomeka: 200, 640, halafu kimya. Nikaichomoa: 4. Nilirudia mara kumi na moja, kila mara matokeo yale yale, na nakiri nilipiga makofi peke yangu chumbani.

Sababu inajulikana tangu 2012, kampuni ya Intel ilipotoa andiko kuihusu. USB 3.0, muunganisho wa kasi ambao diski yangu huutumia, ikifanya kazi hutoa kelele za redio zinazoangukia kwenye masafa ya gigahezi 2.4, na ndiyo masafa iliyotumia adapta yangu ndogo ya waifai, kidude cha kuchomeka kinachoipa kompyuta waifai. Nami nilikuwa nimeichomeka tundu la jirani kabisa na diski, nyuma ya kasha la chuma, sentimita mbili hivi kutoka kwenye kelele. Simu juu ya meza haikuathirika kwa sababu ilikuwa mbali kidogo, na umbali mdogo tu unatosha.

Nilinunua waya wa USB wa kurefushia, wa mita moja, kwa hela ndogo mno ukilinganisha na kile kifurushi. Adapta nikaipandisha juu ya meza, nikaibana kwa gundi ya karatasi, diski nikaihamishia tundu la mbele. Diski ikiwa inanakili, nikapima: 36. Kwenye ruta nikaondoa pia chaneli (kipande cha masafa ambacho ruta hukitumia) iliyojaa majirani, nikaweka 11. Kwa gigahezi 2.4 chagueni kati ya 1, 6 na 11, kwa kuwa hizo haziingiliani.

Mwezi uliofuata nilinunua adapta ya gigahezi 5, ambayo kelele za diski haziifikii. Masafa hayo huchoka haraka kwenye kuta, ila kwangu ukuta ni mmoja. Kifurushi nimekirudisha kwenye 40, na sasa napata 39. Fedha niliyookoa ndiyo iliyonunua adapta hiyo.