Nilivyojizoeza hisabati diskreti baada ya kupata 7 kati ya 20

Katika jaribio la kwanza la hisabati diskreti, nikiwa mwaka wa kwanza wa shahada ya sayansi ya kompyuta, nilipata alama 7 kati ya 20. Sikuwa nimezembea. Nilikuwa nimesoma maelezo ya mihadhara yote mara mbili, nimekopisha madesa ya mwaka uliotangulia kwenye kibanda cha fotokopi kilicho jirani na hosteli, na kila suluhisho nililolipitia nililielewa tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Nilipokaa kwenye chumba cha mtihani mbele ya karatasi tupu, nikagundua kwamba sijawahi kuandika hata uthibitisho mmoja kwa mkono wangu bila kuchungulia wa mtu mwingine.

Somo hili hushughulika na vitu vinavyohesabika kimoja kimoja: kauli ambazo ama ni kweli ama si kweli, seti, mahusiano, namba kamili, njia za kupanga na kuchagua, na grafu, yaani nukta zilizounganishwa kwa mistari. Mwanafunzi aliyezoea kalkulasi ya kidato cha sita, ambayo mara nyingi ina fomula ya kuanzia, hufika hapa akakuta swali la mistari miwili lisilo na fomula yoyote, linalomtaka aonyeshe kwamba jambo fulani ni kweli kwa kila namba kamili. Mimi nilikuwa mmoja wao, na kwa wiki kadhaa niliendelea kutafuta fomula ambayo haikuwepo.

Nilichobadilisha kwanza ni namna ya kukaa na swali. Kila alfajiri nilichukua maswali matatu tu, nikafunga madesa ndani ya begi, nikajipa dakika 40 kwa kila swali kabla ya kuruhusiwa kuangalia jibu. Nikishindwa, nilisoma suluhisho mara moja, nikalifunga, na kesho yake nikaliandika upya lote kutoka mwanzo bila kulitazama. Kando yake nilikuwa na daftari dogo la makosa, ambamo sikuandika jibu sahihi bali niliandika nilikosea wapi na nilikuwa nawaza nini nilipokosea. Daftari hilo lilinisaidia kuliko kitu kingine chochote, na ukurasa wake wa tatu ndio ninaoukumbuka zaidi.

Swali lilihusu kamati ya harusi. Kuna wanawake 6 na wanaume 5 waliojitolea, na inatakiwa kamati ya watu 4 yenye wanawake wasiopungua wawili. Je, kamati hiyo inaweza kuundwa kwa njia ngapi? Nikaona ni rahisi. Nikachagua kwanza wanawake wawili kati ya 6, ambazo ni njia 15, kisha nikasema wawili waliobaki watatoka popote kati ya watu 9 waliosalia, ambazo ni njia 36. Kumi na tano mara 36 ni 540. Nikapeleka jibu hilo kwenye semina nikiwa na uhakika nalo kabisa.

Mkufunzi wetu alilitazama, akaniuliza, "Kijana, kamati za watu wanne, bila sharti lolote, ziko ngapi?"

"Nne kati ya 11, mwalimu. Ni 330."

"Sasa zenye sharti zimekuwaje nyingi kuliko zisizo na sharti?"

Sikuwa na la kujibu. Niliporudi chumbani niliamua kutoondoka kwenye swali hilo mpaka nijue zile kamati za ziada zimetoka wapi. Nikawapa wanawake majina: Asha, Neema, Rehema na wenzao. Nikachukua kamati moja yenye Asha, Neema, Rehema na mwanamume mmoja aitwaye Juma. Kwa njia yangu, kamati hiyo ilihesabiwa pale nilipowachagua kwanza Asha na Neema kisha nikamwongeza Rehema. Ikahesabiwa tena nilipowachagua Asha na Rehema kisha nikamwongeza Neema. Na tena nilipoanza na Neema na Rehema. Watu walewale wanne, kamati ileile, imehesabiwa mara tatu. Nikaendelea kwa utaratibu huo: kamati zenye wanawake wawili kamili ni 150, na zimehesabiwa mara moja moja, zenye wanawake watatu ni 100, nazo zimehesabiwa mara tatu tatu, zenye wanawake wanne ni 15, nazo zimehesabiwa mara sita sita, kwa kuwa ndani ya wanawake wanne jozi ya kuanzia inaweza kuchaguliwa kwa njia sita. Jumla yake, 150 na 300 na 90, ni 540 kamili. Jibu sahihi ni 150 na 100 na 15, yaani 265, na linathibitika pia kwa upande wa pili: kati ya kamati 330, ondoa 5 zisizo na mwanamke na 60 zenye mwanamke mmoja.

Sijui kama nimewahi kufurahia hesabu kama nilivyoifurahia ile 540 ilipojifafanua yenyewe mezani. Tangu siku hiyo nilijiwekea masharti mawili katika maswali ya kuhesabu. La kwanza, kutafuta jumla isiyo na sharti kabla ya chochote, ili nipate dari ambayo jibu haliwezi kuipita. La pili, kuchukua kitu kimoja kati ya vile ninavyovihesabu na kujiuliza njia yangu imekipitia mara ngapi; kama ni zaidi ya mara moja, na idadi hiyo si sawa kwa vitu vyote, njia imeharibika. Nilijizoeza hayo kwa vitu vya barabarani. Namba ya gari ya kwetu ina tarakimu tatu na herufi tatu. Kama tarakimu zote 10 na herufi zote 26 zingeruhusiwa kila nafasi, zingepatikana namba 17,576,000. Namba ya siri ya simu yenye tarakimu nne ina njia 10,000, lakini mtu asipotaka kurudia tarakimu zinabaki 5,040. Daladala likikwama kwenye foleni, maswali ya namna hiyo hayaishi.

Mantiki ilinisumbua kwa namna nyingine, na hapo ndipo niliposaidiwa na Kiswahili. Tunafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, na nadhani wengi wetu hukariri jedwali la ukweli, lile linaloonyesha ni katika hali zipi sentensi ni kweli, kama shairi la lugha ya kigeni, tukijua kwamba sentensi yenye "ikiwa" huwa kweli pale sehemu yake ya kwanza inapokuwa si kweli, bila kujua ni kwa nini. Sisi watatu tuliokuwa tukisoma pamoja tukakubaliana kwamba kila mmoja atalieleza swali ubaoni kwa Kiswahili kwanza, kisha ndipo aliandike kwa lugha ya mtihani. Mwenzetu mmoja akalieleza hivi: baba amekuahidi, "Ukifaulu, nitakununulia kompyuta." Ukifaulu naye asinunue, amevunja ahadi. Usipofaulu, anunue asinunue, huwezi kumshtaki kwa wazee kwamba amesema uongo. Hali ni nne, na katika hali moja tu ndipo ahadi inavunjika. Jedwali zima lilikuwa limekaa ndani ya ahadi ya mzazi, na sikuhitaji tena kulikariri.

Kwa njia hiyohiyo tulizoea kutofautisha kauli na ile iliyogeuzwa. Mvua kubwa ikinyesha Dar es Salaam, barabara ya Jangwani huwa haipitiki. Lakini ukiikuta haipitiki, huna haki ya kuhitimisha kwamba mvua imenyesha, kwa sababu huenda kuna ajali au matengenezo. Unachoweza kusema, ukikubali kauli ya kwanza, ni kwamba barabara ikipitika, basi mvua kubwa haijanyesha. Kugeuza na kukanusha kwa pamoja kunahifadhi ukweli. Kugeuza peke yake hakuhifadhi. Kifaa hiki kina nguvu kuliko kinavyoonekana. Nilitakiwa kuthibitisha kwamba ikiwa kipeo cha pili cha namba kamili ni shufwa, basi namba yenyewe ni shufwa, nikazunguka nusu saa bila kufika popote. Nilipoligeuza swali na kulikanusha, na kuanza na namba witiri, 2k + 1, kipeo chake cha pili kikawa 4k² + 4k + 1, ambacho ni witiri waziwazi, na kazi ikaisha kwa mistari mitatu. Shufwa, witiri na tasa ni maneno niliyofundishwa shule ya msingi, nikayaacha mlangoni nilipoingia sekondari. Kuyarudia nikiwa chuo kikuu kulinipa raha ambayo sikuitarajia. Neno moja tu lilitutega, nalo ni "au": anayekuuliza utakunywa chai au kahawa hategemei uchukue vyote viwili, ilhali "au" ya mantiki inaruhusu vyote viwili bila kinyongo.

Mahusiano tuliyafanyia mazoezi kwa watani. Simba ni mtani wa Yanga na Yanga ni mtani wa Simba, kwa hiyo uhusiano una ulinganifu. Je, unapokezana, yaani wa kwanza akiwa mtani wa wa pili, na wa pili mtani wa wa tatu, wa kwanza ni mtani wa wa tatu? Kama ungekuwa hivyo, basi kutoka Simba kwenda Yanga na kurudi tungelazimika kusema Simba ni mtani wa Simba, jambo ambalo hakuna shabiki atakayelikubali. Mfano huo ulinifundisha kwamba wa tatu anaweza kuwa ndiye yule wa kwanza, na kusahau hilo kulikuwa kumenipotezea alama katika jaribio.

Upo mtego wa pili katika mada hiyohiyo. Mtu hudai kwamba uhusiano wenye ulinganifu na unaopokezana lazima umhusishe kila mtu na nafsi yake, kwa hoja kwamba kutoka A kwenda B na kurudi utampata A na A. Tulibishana karibu saa nzima mpaka tukapata mfano wa kuikanusha hoja hiyo: uhusiano wa "kuajiriwa na mwajiri yuleyule", katika mtaa ambao hakuna mwenye waajiri wawili. Una ulinganifu, unapokezana, lakini asiye na kazi hana mwajiri, kwa hiyo hahusiani na yeyote, hata na nafsi yake. Hoja ilikuwa imedhani kimyakimya kwamba kila A anaye B wake.

Induksheni, yaani kuthibitisha jambo kwa namba ya kwanza kisha kuonyesha kwamba likiwa kweli kwa namba moja ni kweli pia kwa inayofuata, niliielewa likizoni, kijijini, kwenye bao la babu. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Nilikuwa na swali la kuonyesha kwamba jumla ya namba witiri n za kwanza ni n², nikachukua kete zake za komwe nikazipanga sakafuni: moja, kisha nikazungushia tatu zikawa mraba wa mbili kwa mbili, kisha tano zikawa tatu kwa tatu. Babu alisimama mlangoni akaniangalia kwa muda. "Mjukuu wangu, hizo ni za kuchezea, wewe unazijengea ukuta?" Nikamwomba anivumilie kidogo. Nilipofika mraba wa saba kwa saba, kete 49, zilibaki mkononi 15: saba za ubavuni, saba za juu, na moja ya kuziba pembe. Zikaisha zote, nane kwa nane. Hapo nikaona kwa macho hatua ambayo kwenye karatasi nilikuwa nikiiandika kama kasuku: mraba wa k ukiwa tayari, unahitaji kete k, na k nyingine, na moja ya pembe, yaani 2k + 1, ambayo ndiyo namba witiri inayofuata.

Kosa langu la zamani katika induksheni lilikuwa kuruka hatua ya kwanza kwa kuiona ni ya kitoto. Bila kete ile moja ya mwanzo hakuna mraba wa kuzungushia. Kosa la pili lilikuwa kuamini mifano. Ukiweka n kuanzia 0 hadi 39 katika n² + n + 41, kila unachokipata ni namba tasa, mara 40 mfululizo. Ukiweka 40 unapata 1,681, ambayo ni 41 mara 41. Nilijaribu namba 12 za kwanza nikaandika kwa ujasiri kwamba imethibitika.

Grafu hazikunisumbua sana. Nilianza pale zilipoanzia zenyewe, kwenye madaraja saba ya Königsberg, mji ambao leo ni Kaliningrad nchini Urusi, ambayo mwanahisabati Euler aliyashughulikia mwaka 1736. Sehemu nne za nchi kavu zilikuwa na madaraja 5, 3, 3 na 3, zote witiri, ilhali matembezi ya kuvuka kila daraja mara moja tu hayavumilii zaidi ya sehemu mbili za namna hiyo. Kanuni niliyoitumia mara nyingi zaidi ni ile ya kupeana mikono: kila mstari una ncha mbili, kwa hiyo ukijumlisha mistari inayogusa kila nukta lazima upate namba shufwa. Watu 9 hawawezi kupeana mikono kila mmoja na wenzake watatu kamili, maana 27 ni witiri.

Jaribio la pili nilipata 15 kati ya 20. Katika mtihani wa mwisho kulikuwa na swali la kuchagua wajumbe, nami nikaandika jumla isiyo na sharti pembeni ya karatasi kabla sijagusa kitu kingine. Swali la mifuatano inayojirudia, yaani ile ambayo kila namba hupatikana kutokana na zilizoitangulia, ambayo sikuipa muda wa kutosha kwa sababu nilinogewa na kamati na kete, nililiacha wazi lote. Nilipata 41 kati ya 60, na jumla ya somo ikawa 63.