Nilivyodai dipoziti yangu ya nyumba England bila wakili

Karibu kila Mtanzania niliyemuuliza alinipa ushauri uleule: mwezi wa mwisho usilipe kodi, mwambie mwenye nyumba akate kwenye dipoziti, mmalizane. Anayekushauri hivyo anakuchimbia shimo. Kodi isiyolipwa ni deni, na kati ya vitu vyote ambavyo mwenye nyumba anaweza kukata, hilo ndilo rahisi kuliko yote kulithibitisha. Dipoziti ikishaliwa na kodi na bado anadai zulia, atakupeleka mahakamani. Hukumu ya deni usipoilipa yote ndani ya mwezi mmoja inakaa kwenye rekodi yako ya mikopo miaka 6, na kwa rekodi hiyo hata mkataba wa simu unaweza kunyimwa. Mimi nililipa kodi mpaka siku ya mwisho, nikadai changu kwa utaratibu, na kilichokatwa ni pauni mia na kitu tu kati ya mia tisa na kitu.

Ninayoyasema hapa ni ya England. Uskoti wana mifumo yao na siku zao.

Cha kwanza ni kujua hela ilipo. Tangu Aprili 2007 mwenye nyumba analazimika kuisajili dipoziti, na siku hizi anapewa siku 30 tangu aipokee. Mifumo iko mitatu: Deposit Protection Service, MyDeposits na Tenancy Deposit Scheme. Usikae kungoja cheti. Ingia kwenye tovuti zote tatu, utafute kwa jina la ukoo, postikodi, tarehe ya kuanza mkataba na kiasi. Hapa majina yetu huwa yanatusumbua: wakala anaweza kukuandika kwa jina la baba, la babu, au hata lako la kwanza akidhani ndilo la ukoo. Yajaribu yote kabla hujaanza kumtuhumu mtu. Halafu piga hesabu ya kiwango: kodi ya mwezi zidisha kwa 12, gawa kwa 52, zidisha kwa 5. Kwa kodi ya pauni 800 unapata 923. Tangu Juni 2019 kutoza zaidi ya hapo ni marufuku, isipokuwa kwa nyumba za kodi ya pauni 50,000 kwa mwaka na kuendelea, na huko sisi wengine tunapita nje tu.

Kama dipoziti haimo popote, au ilisajiliwa kwa kuchelewa, kesi imegeuka na sasa mwenye shida ni yeye. Mahakama ya kaunti inamtoza fidia ya kuanzia mara moja hadi mara tatu ya dipoziti, na unayo miaka 6 ya kudai. Fomu yake ni N208. Mwandikie kwanza barua ya adabu, utaje kifungu cha 214 cha sheria ya nyumba ya 2004, umpe siku 14 ajibu.

Ila ukipanga chumba ndani ya nyumba anamoishi mwenye nyumba mwenyewe, ulinzi huu haukuhusu. Wengi wetu tunaanzia huko, kwa ndugu wa nyumbani, na hela tunampa mkononi kwa sababu ni ndugu. Mtumie kwa benki, na kwenye sehemu ya maelezo uandike kwamba ni dipoziti. Mkija kukorofishana, hiyo ndiyo karatasi utakayokwenda nayo mahakamani kwenye kesi ya madai madogo.

Sasa ugomvi wenyewe. Wakala wangu alidai zulia jipya pauni 450, usafi kama 180, na rangi ya bafuni mia mbili na ushee. Alitaka tuongee kwa simu. Mawakala wanapenda sana simu, maana ya simu hayabaki. Kila akipiga nilimjibu: asante, naomba uniandikie kwa barua pepe, nikitaka kila kitu kivyake, bei yake na picha yake.

Zulia ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Doa lilikuwepo, sikulikana. Ulikuwa mchuzi wenye bizari, na bizari ikishaingia kwenye zulia la rangi ya krimu haitoki hata uilambe. Lakini mwenye nyumba hastahili kupewa kipya badala ya chakavu. Mwamuzi, yaani mtu wa mfumo wa dipoziti anayeamua ugomvi mkishindwa kuelewana, anaangalia bei ya kitu kikiwa kipya, miaka ambayo kingetarajiwa kudumu, na miaka kilichokwisha kutumika. Bila umri wa zulia huna hesabu, na baada ya ugomvi kuanza hakuna wakala atakayekutajia umri huo. Kwa hiyo ulizeni mapema, mkiwa bado marafiki. Mimi niliuliza miezi ya mwanzo tu, zulia lilipofumuka pembeni ya mlango: "Hili liliwekwa lini, pengine bado lina dhamana?" Akanijibu kwa maandishi, kwa ukarimu kabisa, kwamba liliwekwa 2018. Nilihama 2024. Ukilikadiria zulia la nyumba ya kupanga miaka 8 ya kuishi, limebakiza 2. Chukua 450, gawa kwa 8, zidisha kwa 2: pauni 112 na nusu. Nilijitolea mwenyewe kulipa kiasi hicho, hesabu nikaionyesha na ile barua pepe yake nikaiambatanisha. Mwamuzi akakata hichohicho. Kukubali kilicho chako kunasaidia pia, kwa sababu anayekana kila kitu hata ukweli wake hutiliwa shaka.

Usafi uliangushwa na ripoti yao wenyewe ya kuingia. Watu wanasaini ile ripoti bila kuisoma. Isome mstari kwa mstari, na ulichoona hakimo ukiongeze kwa barua pepe ndani ya siku zilizotajwa, mara nyingi 7. Yangu ilisema oveni ina mafuta yaliyoganda chini. Wajibu wako ni kuirudisha nyumba ikiwa safi kama ulivyoikuta, basi. Oveni yenye mafuta haiwezi kunidai oveni inayong'aa. Na kile kipengele cha kukulazimisha ulipie kampuni ya usafi wakati wa kuhama hakina nguvu tangu sheria ya 2019, hata kama umekisaini.

Bafuni kulikuwa na fangasi darini, na wimbo wao unajulikana: hufungui madirisha, unaanika nguo ndani. Feni ya kutolea mvuke ilikuwa imekufa, na mimi nilikuwa nimeshairipoti kwa barua pepe wakati wa baridi, na picha juu. Ukikaa kimya, fangasi inaweza kuwa yako, maana mpangaji anatakiwa kutoa taarifa.

Mwamuzi haji kuiona nyumba. Anasoma karatasi tu, na mzigo wa kuthibitisha uko kwa mwenye nyumba, kwa sababu hela ni yako mpaka aonyeshe vinginevyo. Kwa hiyo usimtupie picha mia mbili zenye majina ya namba tupu zinazowekwa na simu. Zipe majina: "chumbani zulia siku ya kutoka", "oveni ripoti ukurasa wa 4". Kila dai lipe ukurasa wake: wanachodai, unachojibu, ushahidi uko wapi. Doa lipige mara mbili, kwa mbali ionekane ni chumba gani, na kwa karibu likiwa na sarafu pembeni kuonyesha ukubwa. Siku ya kukabidhi funguo chukua video moja isiyokatika kuanzia mlangoni, fungua kabati, friji na oveni, pitia na mita, kisha itume kwa wakala siku hiyohiyo ili tarehe isibishaniwe.

Usuluhishi huu ni bure, lakini pande zote mbili lazima zikubali, na uamuzi hauna rufaa. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 28 baada ya ushahidi kukamilika. Pale dipoziti imesajiliwa lakini hela anaishika mwenye nyumba mwenyewe, mwisho wa kufungua mgogoro huwa miezi 3 baada ya mkataba kuisha. Kiasi kisichobishaniwa omba kitolewe mara moja, kisisubiri uamuzi.

Kama unarudi nyumbani, usifunge akaunti ya benki ya Uingereza kabla hela haijaingia, na laini ya simu ya huko iache hai kwa ajili ya namba za uthibitisho. Wanafunzi, msijisajili kwa barua pepe ya chuo, itafungwa mgogoro ukiwa katikati.