Betri haikuwa na kosa: nilivyoponya chaji ya pikipiki yangu kuukuu

Ukiwa na pikipiki ya zamani na chaji ikaanza kusumbua, kila utakayemuuliza atakujibu neno moja: betri. Niliambiwa hivyo na vijana wa bodaboda kijiweni Nkuhungu, hapa Dodoma, na muuza spea wa Majengo, hata na shemeji yangu ambaye hajawahi kumiliki baiskeli. Nikanunua. Elfu arobaini na kitu ikaondoka, na mwezi haujaisha honi ikawa inalia kama mbuzi mwenye mafua, indiketa hazipepesi, ukibonyeza stata unasikia tik tu.

Pikipiki yenyewe ni ya Kijapani, imepakwa rangi mara nyingi hadi jina la kampuni halisomeki kwenye tangi. Ina kiki, namshukuru Mungu, la sivyo ningekuwa naisukuma kutoka shambani Mpunguzi huku kreti za zabibu zimefungwa nyuma.

Nikampelekea fundi. Akasema, "Mzee, hapa ni rektifaya," yaani kile kifaa kinachogeuza umeme wa injini uwe wa kuchajia betri na kuuzuia usizidi, na ili kunithibitishia akataka kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inanguruma. Ikizima, chaji hakuna. Isipozima, chaji ipo. Nikamwambia, mdogo wangu, hicho kipimo ni cha magari ya zamani yenye dainamo, utaniunguzia vitu. Akacheka, akachomoa. Haikuzima! Akapiga resi kunionyesha ushindi. Taa ya mbele ikang'aa weupe ambao sijawahi kuuona kwenye pikipiki ile, halafu pap, giza. Taa ya nyuma ikaifuata. Betri ndiyo inayotuliza volti kwenye mfumo huu. Ukiitoa, zinaruka zinavyotaka. Yeye bado akasema, "Si umeona? Rektifaya inazidisha." Tukafunga mpya, elfu ishirini na tano au thelathini, sikumbuki vizuri kwa hasira. Balbu nazo nikanunua mwenyewe. Chaji? Ileile.

Hapo nikasema basi, nitapima mwenyewe. Mita ya umeme ya Kichina, ile wanayotumia mafundi redio, haifiki hata nusu ya bei ya betri, na sielewi kwa nini fundi wa pikipiki akae bila kuwa nayo.

Nilianza na nyaya tatu zinazotoka kwenye koili ya chaji, ile inayozalisha umeme injini ikizunguka. Mita za bei rahisi zina ujanja wake: gusanisha kwanza sindano zake zenyewe kwa zenyewe. Yangu ilisoma omu 0.4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa waya) kabla sijapima chochote. Hiyo unaitoa, usipoitoa utaihukumu koili bure. Kilichobaki kilikuwa kama 0.6 kwa kila jozi, sawasawa, na kati ya nyaya hizo na bodi ya injini hakuna mawasiliano kabisa, ndivyo inavyotakiwa. Nikawasha, mita nikaiweka upande wa AC, umeme wa kupishana unaotoka kwenye koili: sailensa, yaani injini ikinguruma bila resi, volti kumi na nane hivi, ukipiga resi zinapita hamsini, jozi zote tatu zinafanana. Koili nzima.

Sasa sikiliza uhondo. Injini ikiwa kwenye resi, kwenye betri nilipata 12.6. Nikapima palepale rektifaya inapotolea umeme, kati ya waya wake mwekundu na bodi yake: 14.2! Yaani chaji ipo, ila zaidi ya volti moja na nusu inapotea njiani, na njia yenyewe haizidi urefu wa mkono. Usizime injini. Weka sindano moja kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye ule waya mwekundu wa rektifaya: 0.2, si mbaya. Hamia hasi ya betri na bodi ya rektifaya: 1.4. Nikaigandamiza sindano, nikarudia, 1.4. Nilicheka peke yangu pale uani.

Rektifaya hii inapata ethi, yaani njia ya umeme kurudi hasi ya betri, kupitia bolti inayoifunga kwenye chesisi. Nilipoifungua, chini yake palikuwa na rangi ya bluu, chini ya bluu nyekundu, chini ya nyekundu nyeusi. Chuma hakionekani! Nikapiga msasa mpaka pakang'aa, nikavuta na waya mnene kutoka kwenye bolti ile moja kwa moja hadi hasi ya betri (usiweke waya wa spika, utapata moto), nikakaza, nikapaka mafuta ya mgando juu ili kutu isiingie. Soketi ya nyaya tatu nayo ilikuwa na vumbi letu la Dodoma, na pini moja imeanza kuungua; nikaikata na kuunga kwa risasi.

14.1 kwenye resi. Ukiona inapita 15, betri itachemka. Na ninyi mnaofunga spotilaiti nne na spika kwenye pikipiki za umri huu, koili zake hazikutengenezwa kulisha disko.

Nikairudisha rektifaya ya zamani, ile iliyohukumiwa. 14.1 vilevile. Ile mpya nikampelekea fundi, akaniambia kitu kikishafungwa hakirudishwi dukani. Kwa hiyo ninayo hapa, haina kosa, anayeitaka tuongee bei.