Siku moja kwenye mto unaowashwa na kuzimwa

Saa kumi na nusu alfajiri

Kabla sijanawa uso nimeshashika simu. Sitafuti salamu za mtu, natafuta namba moja tu: maji yanayotoka bwawani, kwa mita za ujazo kila sekunde. Leo imeandikwa 6. Ratiba inasema itabaki 6 hadi saa nane mchana, kisha mitambo ya kufua umeme iwashwe na namba ipande hadi 40. Nikishaona hivyo najua siku yangu imekatwa wapi, na mkataji si mimi.

Kazi yangu ni kuwaongoza watu wanaokuja kuvua trauti, samaki wa maji baridi, kwa nzi wa bandia, yaani ndoana iliyofungwa nyuzi na manyoya ifanane na mdudu. Mto wenyewe uko milimani, umezuiwa na bwawa, na sisi tunavua chini ya ukuta. Mto wa namna hii haufuati mvua, unafuata swichi. Zamani niliongoza wavuvi kwenye mto usio na bwawa, na kila asubuhi nilitazama mawingu nijue kama maji yatachafuka. Hapa pia natazama mawingu, lakini kwa hesabu nyingine. Jua likiwaka sana, watu wa mijini huwasha viyoyozi. Viyoyozi hula umeme. Na umeme huo ni maji yanayopita kwenye magoti ya wageni wangu.

Leo anga haina wingu hata moja. Nililiona hilo, nikalipuuza.

Saa kumi na moja na nusu

Napakia gari: fimbo mbili za futi tisa, wavu wa mkono wenye nyuzi za mpira, kipimajoto, visanduku vya nzi, suruali za mpira za kuingilia majini. Buti nazikagua moja moja kama askari wa zamu. Lazima ziwe kavu kabisa. Kuna mwani unaoitwa didimo unaopenda sana maji baridi na safi ya chini ya mabwawa. Hufunika mawe kama blanketi chafu, na husafiri kwa buti zenye unyevu. New Zealand waliugundua mwaka 2004, na mwaka 2008 wakapiga marufuku soli za feliti, kitambaa kinene cha nyuzi zilizoshindiliwa, kwa wavuvi, kwa sababu feliti hukaa na unyevu muda mrefu. Mgeni akija na buti mbichi alizovulia jana kwenye mto mwingine, namvisha zangu. Akinuna, anune.

Saa kumi na mbili na nusu

Wageni wa leo ni mzee mmoja mstaafu na binti yake. Nikamwamkia, akaitikia "Marahaba, mwanangu," kisha akanijulisha kwamba amevua miaka arobaini. Wageni wa miaka arobaini nawaogopa zaidi kidogo kuliko wale ambao hawajawahi kushika fimbo. Binti alikuwa hajawahi.

Ukungu ulikuwa umelala juu ya mto, unene wa mtu mmoja, ilhali huku ukingoni tayari joto lilikuwa limeanza. Mzee akatumbukiza mkono, akautoa haraka.

"Haya maji yanatoka kwenye friji?"

Karibu na hapo. Kipimajoto kilisoma nyuzi 7. Wakati wa joto, maji ya bwawa lenye kina kirefu hujipanga kwa tabaka: ya moto huelea juu, mazito na ya baridi hukaa chini. Maji huwa mazito kuliko yote yakiwa na nyuzi 4 hivi. Tundu la kutolea maji kwenye ukuta wetu liko chini kabisa, kwa hiyo linachota lile tabaka la chini, na mtoni baridi inakaa vilevile wakati mawe ya ukingoni yanachoma. Trauti hupenda maji ya aina hii, maana maji baridi hubeba oksijeni nyingi zaidi. Yakizidi nyuzi 20 huanza kuteseka. Ndiyo sababu mito chini ya mabwawa huwa na trauti hata pale ambapo mto wa asili ungewapika.

Baridi nayo ina kiasi chake. Kwenye mto Green, chini ya bwawa la Flaming Gorge huko Utah, Marekani, maji ya chini yalikuwa baridi mno hata trauti wakadumaa. Mwaka 1978 wakaongeza malango ya kuchotea maji kutoka kina tofauti, na mambo yakabadilika. Huwa nawasimulia wageni kisa hicho ili waelewe kwamba mto huu umetengenezwa. Una fundi, na fundi wake haonekani.

Saa moja asubuhi

Kabla ya kufunga nzi yeyote nageuza jiwe. Binti aliinama pamoja nami. Chini ya jiwe palijaa vijidudu, lakini ni vya aina mbili tatu tu: mabuu ya usubi wasiouma, membamba kama nyuzi, na vijikamba vya kijivu vilivyojikunja. Mto ambao joto lake halibadiliki sana huwanyima wadudu wengi ishara ya lini wakue na lini watoke. Wale wachache wanaoweza kuvumilia hujazana kwa maelfu. Trauti wa hapa anakula punje moja moja mchana kutwa, kama mtu anayedonoa karanga.

Kwa hiyo nzi wetu ni wadogo mno, saizi ya 22, na katika ndoana namba ikikua ndoana inapungua. Mzee alifungua kisanduku chake, kimejaa manyoya makubwa ya rangi rangi. Nikasema, "Mzee, hivi ni vizuri sana." Binti yake akacheka. Nikamfungia nzi aitwaye RS2, aliyebuniwa na Rim Chung kwa ajili ya mto South Platte wa Colorado: mwili mwembamba, mikia miwili, kivuli cha bawa, basi. Ukimtazama utadhani fundi aliishiwa nyuzi katikati ya kazi. Uzi wa mwisho una unene wa milimita 0.127. Kupitisha uzi huo kwenye tundu la ndoana saizi ya 22 ni kazi ya macho ya vijana, na mimi si kijana sana tena, tulipokezana kulaani.

Saa mbili hadi saa tano

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ni kazi ya kusema jambo moja mara mia: nzi asiburutwe.

Mdudu halisi husafiri kwa mwendo uleule wa maji yaliyomzunguka. Nzi wako amefungwa kwenye mshipi, na mshipi umelala juu ya mikondo mitatu minne yenye kasi tofauti. Mkondo wa katikati ukiuvuta, nzi kule chini anakimbia kuliko maji. Trauti anamwona, anasogea kando kumpisha. Dawa yake ni kuinua mshipi mara tu unapotua na kuutupa upande wa juu wa mto, ili mkondo upate cha kuvuta kabla haujamfikia nzi. Mwendo wa kiwiko, mwepesi, kama kugeuza chapati bila kuichana.

Binti alishika jambo hilo baada ya nusu saa, kwa kuwa hakuwa na cha kusahau. Mzee alirusha vizuri ajabu. Mshipi ulikunjuka hewani mpaka nikasimama kutazama. Alirusha mbali, mita ishirini, na kila mrusho ulivuka mikondo yote ya mto. Samaki walikuwa hatua nne mbele ya buti zake.

"Mzee, vua karibu."

"Karibu hapa pana samaki?"

Nikamwonyesha. Usimtafute samaki mzima, maana hutamwona, mgongo wake ni rangi ya changarawe. Tafuta weupe unaofunguka na kufunga: ni mdomo. Alikodoa macho muda mrefu, kisha akanong'ona neno ambalo sitaliandika. Walikuwa sita, wamejipanga nyuma ya jiwe.

Kosa lake la pili lilichukua muda zaidi. Alingoja boya, kile kielea kidogo kilichofungwa kwenye mshipi kuonyesha samaki akigusa, lizame. Trauti anayekula vitu vidogo hivi hahangaiki. Anafungua mdomo, anaonja, akiona si chakula anatema, yote kwa kufumba na kufumbua. Boya halizami. Linasita tu, kama mtu aliyeitwa jina lake barabarani. Inua fimbo hapo hapo, hata kama unadhani ni jiwe. Mara nyingi ni jiwe kweli.

Saa nne na robo boya la mzee lilisita, akainua, na jiwe likaanza kukimbia. Trauti wa kahawia, urefu wa kiganja changu mara mbili na zaidi. Nilimpokea kwa wavu, mikono imelowa kwanza ili isimvue ule ute wa ngozi, hatukumtoa majini. Ndoana zetu hazina meno, hutoka kwa kusukumwa na kidole. Nikamwelekeza mdomo kwenye mkondo mpaka alipojiondokea mwenyewe. Mzee alikaa kwenye jiwe, hakusema kitu dakika tano. Binti naye alishapata watatu kabla ya hapo, ila hakumkumbusha baba yake. Ana adabu kuliko mimi.

Saa sita na dakika arobaini

Tulikula. Tukarudi majini.

Kila siku naweka jiwe jeupe ukingoni, nusu ndani ya maji, nusu nje. Pale tunapovua ni kilomita tatu chini ya ukuta, king'ora cha bwawa hakifiki, na bondeni simu haishiki. Kwa hiyo natazama jiwe. Nilipoligeukia lilikuwa limelowa lote. Kisha nikaona majani makavu yanaelea, majani yaliyokuwa yamekaa nchi kavu tangu jana, na sauti ya mto ikawa nene.

Binti alikuwa ukingoni. Mzee alikuwa amevuka hadi kwenye kilima cha changarawe katikati ya mto, fimbo imepinda, ana samaki mkubwa kuliko yule wa asubuhi.

"Mzee, tunatoka!"

"Nusu dakika!"

Maji yaliyokuwa kwenye ndama zake yalishafika magotini. Niliingia, nikamfikia, nikachukua mkasi shingoni mwangu nikakata mshipi. Alinitazama kama nimempiga kofi. Nikamshika mkanda, tukarudi ubavu kwa ubavu, mimi nikiwa upande wa juu wa mto kuvunja nguvu ya maji, tukiburuta miguu bila kuinyanyua. Tulipofika ukingoni tulikuwa tumelowa hadi nyonga. Dakika ishirini baadaye kile kilima cha changarawe hakikuwepo.

Ratiba ilibadilishwa. Nilikuja kuliona hilo jioni: tangazo liliwekwa saa tano na dakika arobaini na tano, wakati sote tuko bondeni. Nina maneno yangu kwa waendeshaji wa bwawa, na nimeshawaandikia. Lakini lile anga tupu la alfajiri lilikuwa limeniambia jambo lilelile zaidi ya saa saba kabla yao.

Saa nane mchana

Mzee hakuongea nami kwa muda. Tulivua kidogo kutoka ukingoni, kwa nzi mnene mwekundu mfano wa minyoo wanaong'olewa na maji yanapopanda. Binti akapata mmoja mdogo. Kisha mzee akauliza bila kunitazama:

"Yule nzi aliyeondoka na samaki, wako au wangu?"

"Wangu, mzee."

"Basi wewe wanidai nzi, nami nakudai samaki."

Saa tatu usiku

Buti zimeanikwa, suruali zimegeuzwa nje ndani. Nimekaa mezani na taa, nafunga RS2 sita kufidia waliopotea. Wa tatu amekaa upande, nimemtupa.

Namba ya kesho imetoka: 6, hadi saa nane mchana. Utabiri unasema joto kama la leo. Nimemwandikia mgeni wa kesho kwamba tutaanza saa kumi na mbili kamili na saa tano tutakuwa nje ya maji.