Mafla ya ndege ndogo: kipenyo cha mdomo ndicho kinachoamua

Kwa injini ya methanoli ya sentimita za ujazo 7.5 ya ndege ya mfano, chemba ya mafla (kipunguza kelele cha moshi) iwe angalau mara kumi ya ujazo huo. Bomba la alumini lenye kipenyo cha ndani cha mm 36 na urefu wa mm 80 linatosha. Usihangaike kulichomelea: mwambie fundi akereze vifuniko viwili, kisha uvibane kwa bolti moja ndefu ya M4 (kipenyo mm 4) inayopita katikati. Siku ya kusafisha masizi ya mafuta ya nyonyo yanayochanganywa na methanoli, unafungua tu.

Kazi kubwa iko kwenye mdomo wa kutolea moshi. Anza na mm 8. Ukiubana zaidi, moshi unarudi nyuma, injini inachemka na nguvu inapungua. Ukiutanua ovyo, kelele zinarudi na presha ya mafla inayosukuma mafuta kutoka tangini inashuka. Ndege ikiinua pua, injini inakosa mafuta na kuzima. Kwa hiyo tanua nusu milimita kwa nusu milimita, na kila mara urekebishe upya sindano ya kabureta, skrubu inayopima mafuta. Dodoma tuko juu ya mita 1,100, hewa ni nyepesi, sindano iliyorekebishwa Dar es Salaam hapa itazidisha mafuta.

Nipeli ya presha (kijibomba cha kupeleka presha ya mafla tangini): toboa mm 3.3, kata hesi za M4. Gundi ya epoksi ya kawaida hailiwezi joto hili, itaachia. Nati za nailoni nazo huyeyuka; weka washa za springi, na ukaze tena injini ikishapoa.