Nilivyomnyima shemeji anwani ya mkewe

Nipo ofisi ya kituo cha kulelea watoto hapa Melbourne. Serikali ya Australia inawalipia wazazi sehemu ya ada kwa ruzuku ya malezi, na kila wiki mimi ndiye ninayetuma mahudhurio: mtoto kaingia saa ngapi, katoka saa ngapi. Kompyuta yangu ina anwani, simu na namba za Centrelink, yaani ofisi ya serikali inayolipa misaada, za familia zote.

Jamaa mmoja ninamwita shemeji kwa kuwa mkewe ni wa kwetu. Waliachana, mama akahama na watoto. Usiku mmoja akanipigia: "Shem, nitazamie tu anakaa wapi. Si wanangu hao?"

Kwa watu wetu, ukijibu "siruhusiwi" unaambiwa umekuwa mzungu, na habari inakusubiri kwenye harusi ijayo. Basi habari za kazi yangu nikaziacha, nikamweleza yanayomhusu yeye. Sheria ya mwaka 1999 inayosimamia ruzuku hii inazilinda taarifa za familia. Kuzifungua bila idhini ni kifungo hadi miaka 2. Kuzitumia au kumpa mtu mwingine, vilevile. Wengi wanadhani mwenye kosa ni karani peke yake. Hapana. Anayeomba apewe, huku anajua au alipaswa kujua kwamba haifai, naye ana kosa lake, hadi miaka 2, hata kama hakupewa kitu.

"Shem," nikamwambia, "nikikujibu tutakuwa wawili wenye kosa."

Kimya. Kisha: "Kwani simu zinasikilizwa?"

Nilicheka, lakini sikulegea. Sikumwambia kama watoto wapo kwetu au hawapo, maana hilo nalo ni jibu. Wala asubuhi sikuandika jina la mama kwenye mfumo, hata kwa udadisi. Nilimweleza meneja, tukaandika tarehe na saa ya simu ile.

Shemeji nilimpa namba ya msaada wa kisheria wa bure wa jimbo la Victoria. Huko akaelezwa kwamba mahakama ya familia inaweza kuamuru idara ya serikali itoe taarifa za mahali mtoto alipo, na kwamba taarifa hizo hupelekwa mahakamani, si mkononi mwa baba. Hili la mwisho lilimuudhi kuliko kukataa kwangu. Fomu ya maombi alijaza, hata hivyo.