Kutopenda kwa Kiingereza

Miaka kadhaa iliyopita nilimpelekea mhariri mmoja, ambaye Kiingereza ndiyo lugha aliyozaliwa nayo, makala niliyoiandika kwa lugha hiyo. Jibu lake lilijaa adabu. Alisema makala ilikuwa "quite good", sehemu ya kati aliiona "interesting", ila hakuwa na hakika kama mwanzo wake unafaa. Nilifurahi, nikazifanyia marekebisho sentensi mbili za mwanzo, nikairudisha. Baada ya siku chache nikapokea barua fupi ya kunishukuru na kuikataa. Ilinichukua muda kung'amua kwamba hata ile barua ya kwanza ilikuwa ya kukataa, na kwamba maneno niliyoyapokea kama sifa yalikuwa lawama iliyovalishwa nguo za sikukuu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisikiliza kwa makini jinsi wazungumzaji wa Kiingereza wanavyosema kwamba hawapendi kitu. Jambo la kwanza nililoligundua ni kwamba kitenzi "dislike", ambacho darasani tulikariri kuwa ndicho kinyume cha "like", hakisikiki sana midomoni mwao. Mtu akisema "I dislike him" katika maongezi ya kawaida, huwa kama anayetoa ushahidi mahakamani. Neno la kila siku ni "I don't like", na uzito wake haumo katika kitenzi, bali katika vijineno vinavyokizunguka.

Tulichukue neno "really". Anayesema "I don't really like it" hakipendi kitu hicho kiasi tu, na pengine akibembelezwa atakivumilia. Anayesema "I really don't like it" amekwisha kukikataa. Maneno ni yale yale, hakuna lililoongezwa wala lililopunguzwa. Kilichobadilika ni kwamba katika sentensi ya kwanza "really" limetanguliwa na ukanushi, na katika ya pili limeutangulia. Nadhani mzungumzaji wa Kiswahili huteleza hapa kwa sababu ukanushi wetu umeshonwa ndani ya kitenzi chenyewe. Katika "sikipendi" hakuna upenyo wa kuchomeka neno kati ya kukanusha na kupenda, kwa hiyo sisi hubadilisha kielezi: sikipendi sana, sikipendi hata kidogo, sikipendi kabisa. Wao hukiacha kielezi kile kile na kukihamisha.

Ukanushi nao huhama. "I don't think I like it" ukiifuata neno kwa neno inasema kwamba msemaji hafikiri, na mgeni wa lugha anaweza kuamini kwamba bado anatafakari, hivyo akaendelea kumshawishi. Kwa kawaida hajabakiza tafakuri kubwa. Ameuondoa ukanushi kwenye kupenda na kuupachika kwenye kufikiri ili usimwangukie msikilizaji moja kwa moja.

Halafu kuna ule ukoo mzima wa "not": "not keen on", "not a fan of", "not mad about", na ile ya kikombe cha chai, "not my cup of tea", ambayo hapo awali ilitumika kwa kukubali, mtu akisema kwamba fulani ndiye kikombe chake cha chai, yaani anayempendeza, kabla ya ule wa kukanusha kushika nafasi. Wahenga wetu walisema ukipenda, chongo huita kengeza. Mzungumzaji wa Kiingereza huita chongo kengeza hata pale asipopenda, na hapo ndipo nilipopotea mimi. Hilo "quite" la mhariri wangu lina mtego wake: kwa Mmarekani "quite good" aghalabu ni nzuri sana, ilhali kwa Mwingereza mara nyingi ni nzuri kiasi, tena huweza kutamkwa kwa namna inayokunyang'anya hata hicho kiasi. Mhariri wangu alikuwa Mwingereza.

Cha ajabu ni kwamba maneno makali nayo yapo, ila hutumiwa kwa mambo mepesi. "I hate" husemwa juu ya siku ya Jumatatu, kelele za saa ya kuamshia na foleni ndefu. "I hate to bother you" ni ustaarabu tu wa mtu anayetaka kuomba jambo. "Loathe" na "detest" huwekwa akiba, na huonekana zaidi katika maandishi. Kati ya hizo ncha mbili ziko kauli za uvumilivu ulioisha, kama "can't stand" na "can't bear", ambazo Kiswahili kinazielewa bila taabu, maana nasi husema hatuwezi kumvumilia mtu.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni historia ya "like" yenyewe. Katika Kiingereza cha kale kitenzi hicho kilimaanisha kupendeza, na kitu ndicho kilichokuwa kiima; hata zama za Shakespeare mtu bado aliweza kusema kwamba jambo linampendeza au halimpendezi, kama tusemavyo sisi "hakinipendezi" au "kinanikera". Muundo huo haujatoweka kabisa. Katika "it puts me off" na "it gets on my nerves" kosa ni la kitu, na msemaji ni mhanga tu.

Mtandaoni adabu hupungua. "Meh", sauti ya mtu ambaye hata kuchukia kumemshinda, iliteuliwa mwaka 2008 kuingizwa katika kamusi ya Collins. Facebook ilileta kitufe cha kupenda mwaka 2009, na ilipopanua chaguo mwaka 2016 iliongeza huzuni na hasira, lakini si kidole kilichoelekezwa chini. YouTube ilikuwa nacho, ila mwishoni mwa 2021 ikaacha kuonyesha hadharani hesabu ya wasiopenda. Katika maoni ya wasomaji, hata hivyo, naiogopa zaidi sentensi ya upole, "I wanted to like this": wakati uliopita umekwisha kutoa hukumu.

Mpaka leo kuna kauli moja inayonisumbua ninapotafsiri. "Care for" ni kumtunza mtu au kumpenda, lakini "I don't care for him" si simtunzi, wala si simjali. Ni simpendi, iliyotamkwa kwa sauti ya chini na mtu aliyekwisha geuka upande mwingine. Nimejaribu "hanivutii", nimejaribu "sina haja naye", na zote mbili nimezifuta.